Ruta Niliyoificha Kwenye Begi

Kijana mwenzangu, kusamehewa dhambi na kurekebisha madhara yake, je, ni kitu kimoja? Mimi nilidhani hivyo, mpaka siku niliyoitwa kwenye ofisi ya mteja.

Likizo moja nilikuwa namsaidia binamu yangu, fundi wa kompyuta. Tulifunga mtandao kwenye ofisi yenye kompyuta 12. Wakati wa majaribio nilichomeka ruta yangu ndogo kwenye swichi nyuma ya kabati, nikaisahau pale. Siku mbili baadaye wakapiga simu: kompyuta nyingine zina intaneti, nyingine hazina. Binamu alikuwa safarini, nikaenda peke yangu.

Iko hivi: kompyuta ikiwashwa huomba ipewe anwani. Huduma inayogawa anwani hizo inaitwa DHCP, na mara nyingi kompyuta hulikubali jibu linalowahi kufika. Ruta ya ofisi ilikuwa inagawa anwani zinazoanza na 192.168.1. Ile yangu ilikuwa inagawa za 192.168.0, na kuziambia kompyuta zipitie kwake, wakati yenyewe haina njia ya kutoka nje. Nilipoandika ipconfig kwenye mashine moja, nikaona ile namba. Nikaitambua palepale. Ilikuwa ruta yangu.

Kabla sijasema kitu, bosi akamnyooshea kidole dada wa mapokezi: "Ni huyu. Kila siku anachomekachomeka vitu humu." Dada akajibu kwa sauti ndogo, "Bosi, mimi sijagusa." Nami nikanyamaza. Nikachomoa ruta, nikaitia kwenye begi.

Lakini tatizo halikuisha. Anwani hutolewa kwa muda maalumu, na kompyuta yaweza kuendelea kuishikilia anwani mbovu hata kama aliyeitoa ameshaondoka. Ilibidi nipite mashine moja moja, niifutie anwani ya zamani na kuiombea mpya. Mwisho nikapokea shilingi 50,000 na kuambiwa asante fundi.

Jumamosi nikaenda kuungama. Nilisema habari ya pesa. Padre akauliza swali moja tu: "Na yule dada?"

Hapo ndipo zile kompyuta ziliponijia kichwani. Ruta nilishaichomoa, lakini neno baya juu ya yule dada lilikuwa bado limekaa ofisini, kila mtu akiliamini.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba maondoleo hufuta dhambi, lakini hayaondoi vurugu zote zilizosababishwa na dhambi hiyo. Tunapaswa kufanya tunaloweza kurekebisha madhara: kurudisha kilichoibwa, na pia kurudisha sifa njema ya mtu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye anaiweka kazi hii chini ya fadhila ya haki. Yaani kumrudishia mtu jina lake sio hisani, ni deni. Ndiyo maana Zakayo (Lk 19:1-10) hakuishia kumfurahia mgeni wake. Alitaja mali yake na watu aliowadhulumu.

Jumatatu nilirudi. Nikaomba bosi na yule dada wawepo wote wawili, nikasema ukweli, nikaweka 50,000 mezani. Usidhani kulikuwa na makofi. Bosi alisema watatafuta fundi mwingine, na binamu yangu alininunia wiki nzima, kwa haki kabisa. Yule dada alisema tu, "Sawa, fundi," akarudi kwenye kiti chake. Safari hii kichwa chake hakikuinama.

Kwa tafakari wiki hii:

1. Kuna mtu anayebeba lawama kwa sababu mimi nilinyamaza?
2. Nimeungama kosa gani ambalo bado sijarekebisha madhara yake?
3. Niliposema uongo kwenye grupu la WhatsApp, nilifuta ujumbe tu, au niliwaambia ukweli waliousoma?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyeingia nyumbani kwa Zakayo, ingia na kwangu. Nipe ujasiri wa kumrudia niliyemwumiza, hata kama itanigharimu. Amina.

Mama Maria, utuombee.