Tairi pana kwanza, ekzosi baadaye

Chevrolet Camaro ya 1967 hadi 1969 ina nafasi finyu nyuma: ndani kuna springi za vyuma bapa, nje kuna ukingo wa fenda. Tairi ya 245/60R15 kwenye rimu ya inchi 8 kwa kawaida hukaa vizuri, lakini usinunue kwa kusikia. Magari haya yamepita miaka 50. Mengi yamegongwa na kunyooshwa, hivyo kulia huweza kutofautiana na kushoto. Pima pande zote mbili gari likiwa limesimama kwa uzito wake, si likining'inia kwenye jeki. Kipimo kinachosahaulika sana ni umbali kutoka uso wa rimu unaoshika habu hadi ukingo wake wa ndani. Hicho ndicho kinachoamua kama tairi itasugua springi.

Ndipo uende kwa fundi wa ekzosi. Bomba hupanda juu ya ekseli, jirani kabisa na ubavu wa tairi. Ukilichomelea mapema, utalikata upya. Mwambie fundi aache pengo la kutosha hapo juu, kwa sababu ekseli hupanda gari likivuka tuta, na alipitishe mbali na mpira wa breki.