Kitabu cha mtumba cha GMAT: bei poa, hasara kubwa

Msomaji unayejiandaa kuomba nafasi ya MBA ng'ambo, usikimbilie kitabu cha mtumba cha mtihani wa GMAT. Bei yake inavutia, lakini bidhaa imepitwa na wakati. Toleo la zamani la mtihani lilifungwa Januari 2024. Insha imeondolewa, na maswali ya kusahihisha sentensi hayapo tena.

Sasa ni maswali 64 kwa saa mbili na robo: hesabu 21, lugha 23 na uchambuzi wa takwimu 20, kila sehemu dakika 45. Kalkuleta inaruhusiwa kwenye takwimu tu. Kwenye hesabu ni kichwa chako.

Hasara kubwa iko kwenye alama. Kilele cha zamani kilikuwa 800, cha sasa 805, hivyo wengi hudhani mizani ni ile ile. Sivyo. Alama 645 za leo zinakaribiana na 700 za zamani. Mwenye 645 akijipima kwa kitabu chake atajiona ameshindwa, alipe ada nyingine (kwa dola!) kurudia mtihani ambao pengine ulikwisha kumtosha.

GMAC, wenye mtihani, hutoa majaribio mawili bure. Fanya moja kabla ya kununua chochote. La pili liweke hadi karibu na siku yenyewe.