LIKIZO MAHAKAMANI: SOMO LA SHERIA LISILOTOZWA KARO

Leo tunakuletea somo kwa ajili ya wale wenzetu ambao ukiwauliza, "Ukimaliza shule unataka kuwa nani?" hujibu bila kusita, "Wakili!" Wamo wengi, tena katika kila kidato. Lakini hebu endelea kidogo uwaulize wakili hufanya nini kutoka asubuhi hadi jioni. Hapo wengi huanza kukuna kichwa. Mmoja atakutajia suti na gari, mwingine atakusimulia sinema ya Kimarekani aliyoitazama.

Basi swali letu ni hili: mwanafunzi wa sekondari anaweza vipi kuitumia likizo yake kujifunza sheria kabla hajafika chuo kikuu?

Wenzetu wa ng'ambo

Kule Marekani na Uingereza, vyuo vikuu na mashirika mbalimbali huandaa kozi fupi za sheria kwa wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo ndefu ya katikati ya mwaka. Mwanafunzi hukaa chuoni wiki moja, mbili au zaidi. Hufundishwa namna ya kusoma kesi, hupelekwa kuona mahakama, na mwisho hushiriki kesi ya kuigiza. Nyingi za kozi hizi hulipiwa, na ada zake si mchezo.

Lakini si kila kitu huko ni cha pesa. Tangu mwaka 1984 Marekani imekuwa na mashindano ya kitaifa ya kesi za kuigiza kwa shule za sekondari. Karibu na kwetu, Afrika Kusini ilianzisha mashindano ya namna hiyo mwaka 2011. Wanafunzi hupewa kisa cha kubuni kinachohusu haki za binadamu, wakatoa hoja wawili wawili, na wanaofika fainali husimama ndani ya Mahakama ya Katiba jijini Johannesburg. Jumba hilo limejengwa mahali palipokuwa na gereza enzi za ubaguzi wa rangi. Fikiria mwenyewe: pale ambapo watu walifungwa kwa sheria mbaya, leo kijana wa shule anasimama kutetea haki!

Njia ya uwakili hapa kwetu

Hapa Kenya, mafunzo ya kazini katika mahakama na ofisi za mawakili kwa kawaida ni ya wanafunzi wa chuo kikuu. Ili usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia, ijue njia ilivyo. Kanuni za elimu ya sheria za mwaka 2016 zilimtaka mtahiniwa wa KCSE anayeingia shahada ya sheria moja kwa moja awe na wastani wa C+, pamoja na alama ya B katika Kiingereza AU Kiswahili. Soma tena hilo neno "au". Wanaodai kwamba Kiswahili hakimpeleki mtu popote waambieni wakazisome kanuni hizo!

Baada ya shahada, mwanasheria huenda Kenya School of Law, kule Karen, Nairobi. Pia hufanya kazi miezi 6 chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua 5. Mwishowe huapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Kwa hivyo cheti cha kozi ya wiki mbili, hata kiwe na muhuri wa dhahabu, hakiwezi kukurukisha hatua hizo. Faida ya kozi ya likizo ni kukuonyesha kama kazi yenyewe unaipenda. Na faida hiyo, ndugu msomaji, unaweza kuipata bila kulipa hata shilingi moja.

Mlango ulio wazi

Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kesi yake kusikilizwa kwa usawa na hadharani. Neno "hadharani" maana yake ni kwamba ndani ya chumba cha mahakama mna viti kwa ajili ya umma. Umma ni nani? Ni mama mboga, ni mwendeshaji wa bodaboda, na ni wewe. Mahakama haifunguliwi kwa sababu watu wanapenda umbea. Hufunguliwa ili anayehukumu ajue kwamba anatazamwa.

Hata hivyo, si kila kesi iko wazi. Kifungu hicho hicho kinaruhusu watu kutolewa nje ili kulinda mashahidi au walio dhaifu. Kesi za watoto na za dhuluma za kimapenzi mara nyingi husikilizwa faraghani. Ukiambiwa utoke, toka bila kunung'unika.

Je, uende mahakama gani? Usikimbilie Mahakama ya Juu. Huko hoja ni nzito, na utasinzia. Anza na mahakama ya hakimu iliyo karibu na nyumbani, ambako kesi nyingi za wananchi wa kawaida huanzia. Kama iko karibu nawe, jaribu pia Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hizi zilianza kazi mwaka 2021, Milimani, Nairobi. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Humo watu wengi hujisemea wenyewe bila wakili: huyu hakulipwa mzigo wake, yule alikopesha na hakurudishiwa. Utaelewa kila kitu.

Neno linaloweza kumfunga mtu

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Ukiwa umeketi pale nyuma na daftari lako, utazame nini? Tazama maneno. Sheria ni kazi ya maneno tangu mwanzo hadi mwisho.

Chukua mfano wa mtu anayesomewa mashtaka kwa mara ya kwanza. Tuseme ameshtakiwa kwa wizi wa kuku. Karani anasoma, kisha anamwuliza, "Ni kweli au si kweli?" Mshtakiwa anajibu, "Ni kweli." Mtu wa pembeni atadhani mambo yamekwisha. Kumbe bado!

Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka hatua ambazo mahakama zetu huzifuata hadi leo:

1. Mshtakiwa asomewe na kuelezwa shtaka katika lugha anayoifahamu.
2. Jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe.
3. Akikiri, kiongozi wa mashtaka aeleze jinsi mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kukubali, kupinga au kuongeza jambo.
4. Akipinga, au akisema jambo linalotia shaka kukiri kwake, ibadilishwe na kuandikwa kwamba amekana shtaka.
5. Asipopinga lolote, ndipo apatikane na hatia.

Turudi kwa mtu wetu. Kiongozi wa mashtaka anaeleza kwamba kuku wa jirani alipatikana nyumbani kwa mshtakiwa. Mshtakiwa anasema, "Ni kweli alikuwa kwangu. Aliingia mwenyewe jioni, nikamfungia asiliwe na mbwa, nikimngoja mwenyewe aje." Je, huyu amekiri wizi? La hasha! Amekiri kuwa na kuku. Wizi unahitaji nia ya kuiba, na hiyo ameikana. Hapo hakimu anapaswa kuandika kwamba shtaka limekanwa, na kesi isikilizwe kwa mashahidi.

Unaona, mwanachama mwenzangu? Kati ya "ni kweli nilikuwa naye" na "ni kweli nilimwiba" mna mlango wa gereza. Na mara nyingi pale kizimbani mtu huyo hana wakili. Huenda ni mzee aliyezoea lugha ya mama tu. Ndiyo maana Katiba inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Kwa mujibu wa sheria zetu za mwenendo wa kesi, lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Jirani zetu Tanzania walikwenda mbele zaidi: mwaka 2021 walibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mkalimani akiteleza neno moja, mtu mzima anaweza kulala rumande. Jamani, hiyo si insha ya kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Hayo ni maisha ya mtu.

Maneno ya kutofautisha

Huko mtaani tunayachanganya maneno haya kila siku. Ukikaa mahakamani wiki moja utayatenganisha vizuri.

Mshukiwa: anayedhaniwa kutenda kosa, lakini bado hajafikishwa mahakamani.
Mshtakiwa: aliyesomewa mashtaka. Katiba inamchukua kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kumwita "mwizi" wakati huu ni kosa la lugha, na ni kosa la haki pia.
Mfungwa: aliyepatikana na hatia na kupewa kifungo.
Mahabusu: anayewekwa rumande kesi ikiendelea. Huyu si mfungwa.
Dhamana: masharti anayopewa mshtakiwa ili awe nje huku kesi ikiendelea. Kuachiliwa kwa dhamana si kusamehewa.
Kutajwa kwa kesi: kesi kuitwa ili ijulikane imefika wapi na kupangiwa tarehe. Siku hiyo mashahidi hawasikilizwi.
Hukumu: uamuzi wa mahakama. Hukumu yaweza kumwachilia mtu huru. Kinachofuata akipatikana na hatia ni adhabu.
Hakimu na jaji: hakimu huketi katika mahakama za chini, naye jaji huketi katika Mahakama Kuu na zilizo juu yake.

Adabu za mahakamani

Kwanza, mwombe mwalimu barua ya shule, uipeleke kwa msimamizi wa mahakama siku chache mapema. Mwulize pia kama kesi zitasikilizwa chumbani, kwa sababu tangu mwaka 2020 nyingine husikilizwa kwa njia ya video. Pili, vaa nadhifu. Sare ya shule yatosha. Tatu, fika mapema usome orodha ya kesi za siku kwenye ubao wa matangazo. Nne, zima simu, wala usithubutu kupiga picha. Tano, hakimu akiingia, simama. Ukiingia au kutoka wakati amekaa, inamisha kichwa kidogo. Sita, usicheke. Kinachokuchekesha wewe kinamliza mtu mwingine aliye mbele yako.

Na jambo la saba, ambalo ni zito: yale uliyoyasikia usiyageuze kuwa hadithi za bwenini. Ukimwona jirani kizimbani, mtunzie heshima yake. Katika daftari lako andika shtaka, maswali na majibu, si majina ya watu.

Turudipo shuleni

Kila atakayekwenda ajaze kurasa mbili tu kwa siku: nini kiliulizwa, nini kilijibiwa, na neno gani jipya nimelipata. Muhula ukifunguliwa, chama kiandae kesi ya kuigiza kwa Kiswahili sanifu. Tunahitaji hakimu, karani, mkalimani, kiongozi wa mashtaka, wakili, mshtakiwa na mashahidi watatu. Atakayeigiza mkalimani achaguliwe kwa makini kuliko wote. Tena safari hii, yule anayependa kuwa wakili apewe nafasi ya mshtakiwa, ajue kizimba kina joto gani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huenda usiwe wakili kamwe; ukawa mwalimu, fundi au mkulima. Lakini siku ndugu yako atakapokamatwa, utajua kwamba polisi wanapaswa kumfikisha mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama kama muda huo umeangukia siku isiyo ya kazi. Utajua kwamba ana haki ya kuomba dhamana, na ya kuuliza shtaka lina maana gani kabla ya kutamka "ni kweli". Ujuzi huo hauhitaji shahada. Unahitaji siku chache za likizo, daftari na masikio.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya mahabusu na mfungwa.
2. Kwa nini Katiba inataka kesi zisikilizwe hadharani? Toa mfano wa kesi inayoweza kufungiwa umma.
3. Mama mmoja ameshtakiwa kwa kuuza mboga bila leseni. Anajibu, "Ni kweli nilikuwa sokoni, lakini leseni ninayo, iko nyumbani." Kama wewe ndiwe hakimu, utaandika jibu gani, na kwa nini?
4. Tafsiri swali la tatu na jibu la mama huyo kwa lugha ya kwenu, kisha mpe mwenzako airudishe kwa Kiswahili. Je, maana ni ile ile? Kama imebadilika, ni neno lipi lililopotea njiani?

Majibu yaletwe kwa katibu wa chama wiki ya kwanza ya muhula. Likizo njema!