Ruhusa Kabla ya Mkono: Kufundisha Upimaji wa Faragha kwa Wanafunzi wa Udaktari

Utangulizi

Hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo chake cha udaktari kilianza mwaka 1997. Wagonjwa huteremka kutoka Rombo, Marangu, Machame na Kibosho. Wanafunzi hutoka pande zote za nchi. Katika mazingira kama haya, mama mtu mzima huweza kujikuta amelala mbele ya kijana wa umri wa mwanawe, anayejifunza kupima njia ya uzazi. Tunakusudia kueleza jinsi ya kufundisha upimaji huo bila kumvunjia mama heshima.

Umuhimu wa Somo

Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini, ingawa dalili zake za awali zikionekana mapema hutibika. Chanjo ya kuikinga ilianza kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, ikaenea nchi nzima mwaka 2018. Lakini hupewa wasichana. Mama zao hutegemea uchunguzi. Mama aliyeaibishwa siku ya kwanza huenda asirudi mpaka ugonjwa umekwisha kuenea.

Hatua za Somo

1. Sanamu. Mwanafunzi azoee vyombo kwenye sanamu, huku akitamka kila atakalotenda kabla ya kulitenda.

2. Mgonjwa wa kuigiza. Njia hii ilianzishwa Marekani na Howard Barrows katika miaka ya 1960. Mtu aliyefunzwa huigiza mgonjwa, kisha humweleza mwanafunzi alivyojisikia. Hapa yafundishwe mazungumzo tu. Hakuna kuvua nguo.

3. Mgonjwa halisi. Ruhusa iombwe kabla mgonjwa hajavua nguo. Mfano:

— Shikamoo, mama. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari. Daktari atakupima mlango wa kizazi. Je, waniruhusu nami nikupime, ili nijifunze? Ukikataa, utatibiwa vile vile.

— Marahaba, mwanangu. Muuguzi atakuwapo?

— Atakuwapo, mama. Nawe ukisema basi, nitaacha.

Mambo ya Kuzingatia

Mwalimu asisitize kwamba ruhusa ya kutibiwa si ruhusa ya kufundishiwa. Kila moja iombwe peke yake, hata kwa mgonjwa atakayepewa dawa ya usingizi. Naye aulizwe angali macho. Kunyamaza si kukubali. Bibi asiyejua Kiswahili vema atafsiriwe na muuguzi ajuaye Kichaga cha kwao, wala si na mwanawe wa kiume aliyemleta, kwani mbele yake mengi hayatasemwa.

Tathmini

Tusipime wepesi wa mkono peke yake. Tutazame kama mwanafunzi alivuta pazia, alieleza, alisubiri jibu na alimfunika mgonjwa baadaye. Mwanafunzi aliyekataliwa, akashukuru na kutoka kwa adabu, apewe alama zake zote za mawasiliano, na atafutiwe nafasi nyingine ya kujifunza. Asipofanyiwa hivyo, ataona kwamba heshima humpunguzia maksi, na siku nyingine hataomba.