Dondoo muhimu: Kuchambua vibonzo kwenye podikasti

Msikilizaji haoni kibonzo. Kabla ya kutoa maoni, msimulie picha: nani yupo, uso wake ukoje, anasema nini. Zoezi zuri ni vibonzo vya Masoud Kipanya, kwani wengi wanavifahamu, na mchoraji mwenyewe ni mtangazaji wa redio. Taja jina la mchoraji kila mara. Vibonzo vingi husambazwa kwenye WhatsApp huku sahihi ya mchoraji ikiwa imekatwa, na huo ni wizi wa jasho la mtu.

Kuhusu kurekodi, kwa mlioko Tukuyu, mkoani Mbeya, tatizo kubwa ni mvua juu ya bati, hasa Aprili. Kelele ile ikishaingia kwenye sauti, haitoki vizuri. Subirini ikatike, kisha rekodini kwenye chumba chenye godoro na nguo nyingi, simu ikiwa karibu na mdomo. Punguzeni ukubwa wa faili pia: bando ni ghali kwa msikilizaji.