Elimu ya Ardhi na Harimu ya Kisima



Apitaye Biashara Street hutazama leso na bei zake. Ni wachache walifikirio jiwe walilo juu yake. Chini ya maduka yale, na chini ya Mji wa Kale wote, mna jiwe la matumbawe lililoota baharini yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Kwa jiwe hilo wazee wetu walijenga nyumba zao na misikiti yao. Katika jiwe hilo hilo tumechimba visima vyetu, na mashimo ya vyoo vyetu pia.

Wanazuoni wa fiq-hi wameeleza harimu ya kisima, yaani eneo la kando yake ambalo mtu hana ruhusa kuchimba kitu cha kukidhuru. Asili ya hukumu hii ni kuondoa madhara. Lakini katika mji wetu, harimu hiyo yapasa iwe dhiraa ngapi? Suali hili mwanachuoni wa fiq-hi hawezi kulijibu peke yake. Mchangani maji hupita polepole, na mchanga huyachuja. Jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango. Uchafu wa choo hupita humo upesi, ukafika kisimani kwa jirani haukuchujwa. Tena maji matamu ya kisiwa yameelea juu ya maji ya chumvi; yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda.

Ajuaye kuyapima haya ni aliyesoma jiolojia, khasa ile ya mazingira, ifundishayo mwendo wa maji ardhini, mahali pa kutupa taka na sababu za pwani kumegwa na bahari.

Wako wasemao kuwa hii ni elimu ya wageni. Twawauliza: Je, Ibn Sina hakueleza katika Kitabu cha Shifaa jinsi milima ifanyikavyo? Al-Biruni hakuyatazama mawe na mchanga wa bonde la India, akatambua kuwa zamani palikuwa bahari? Na katika Sura Faatir, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu ametaja rangi za milima, kisha akawataja wenye elimu kuwa ndio wamchao. Basi atazamaye jiwe kwa elimu hakutoka katika dini yake.

Chuo cha MIOME, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilianza kufundisha mwaka 1951 ili vijana wa Kiislamu wapate ufundi. Haja ya leo ni kuwa mzazi mwenye mtoto hodari wa hisabati, kemia na jiografia asimwelekeze dukani tu, bali amwambie kuwa jiolojia nayo husomwa chuoni. Elimu ambayo maji ya mji hayasalimiki bila yake ni fardhi kifaya. Asipopatikana wa kuisimamia, lawama ni yetu sote.

Nanyi mtoao kisima kuwa sadaka, kabla hamjamwita mchimbaji, mwiteni kwanza ajuaye ardhi. Kisima chenye maji ya choo huleta kipindupindu, na aliyekichimba alitaka thawabu.

Wabillahi tawfiq.