Dumuzi au fukusi?

*Mahindi niliyoyahifadhi na magunzi yake yanageuka unga. Dawa ya fukusi haijasaidia. Nifanyeje? — Mama, Magu, Mwanza*

Pole sana, mama. Kosa si lako. Unga mwingi hivyo ni kazi ya dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Porini huishi kwenye miti mikavu, kwa hiyo kagua hata nguzo za kihenge. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga; dumuzi ameinamisha kichwa, na nyuma ni kama amekatwa kwa kisu. Dawa inayomuua mmoja mara nyingi humshinda mwingine, ndiyo maana ipo ya unga yenye viuatilifu viwili. Mimi ningeanza kwa kupukuchua, kupepeta, kuanika hadi punje ilie ikivunjwa kwa meno, kisha mifuko isiyopitisha hewa, bila dawa. Wakirudi, mwite afisa ugani wa kata.